WinRAR ya Saiba Yako ni ya Lini?

Wewe uliyetuma maombi ya kazi ya hoteli Diani juzi, CV uliichapia wapi? Kama ni saiba hapa Ukunda, basi kitambulisho chako, cheti cha KCSE na PIN ya KRA bado vimo kwenye kompyuta ya mtu, vimekaa pamoja na filamu za wiki. Najua, kwa sababu nilipoacha chuo nilishika zamu saiba moja hapa hapa.

WinRAR ya pale kila siku ilitukumbusha kuwa siku 40 za majaribio zimeisha. Unafunga kidirisha, kazi inaendelea. Sote tumefanya hivyo, usinicheke.

Sasa sikia. Februari 2019, watafiti wa Check Point walitangaza tundu lililokaa ndani ya WinRAR miaka kama 19. Lilikuwa kwenye unacev2.dll, laibrari ndogo ya kufungulia faili za ACE, aina ambayo sidhani ushawahi kukutana nayo. Laibrari ni kipande cha programu ambacho programu nyingine hukiazima. Hiki hakikuguswa tangu 2005, na wenye WinRAR hata kodi yake hawakuwa nayo. Hawakuweza kuziba tundu, wakakitoa kabisa.

Mchezo wenyewe ni huu: unafungua faili iliyobanwa, unaona filamu yako, roho safi. Kumbe kuna kifaili kimechepuka hadi folda ya Startup, na kila kilichomo humo Windows hukiendesha chenyewe unapoingia. Kesho unawasha mashine, mgeni keshaingia ndani.

Usidhani ni hadithi ya zamani. Julai 2025, ESET waligundua wadukuzi wakitumia tundu jingine la WinRAR kwa ujanja ule ule. Faili zenyewe walizituma kwa kampuni za Ulaya na Kanada zikijifanya nini? CV za watu wanaotafuta kazi! Dawa ilitoka tarehe 30 mwezi huo, toleo 7.13. Simu za Android hazikuguswa, ni Windows tu.

Lakini WinRAR haijisasishi yenyewe. Lazima mtu aishushe na kuiweka kwa mkono. Nani ataifanya hiyo kazi saiba, na foleni imefika mlangoni?

Wenye saiba, hapo ndipo nawalaumu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na nyinyi mmeshika za nusu ya mtaa. Nawe mteja, kabla ya kuchomeka flashi, mwambie kijana wa zamu abonyeze Help, kisha About WinRAR. Ikiwa chini ya 7.13, ashushe mpya kutoka kwa wenyewe, si kwa flashi ya rafiki yake.

Wiki jana nilipita saiba yangu ya zamani nikaangalia. 5.40, ya 2016. Mzee akaniambia, "Si inafanya kazi?" Nikamwomba kiti. Tulimaliza kabla chai yake haijapoa.