Kompyuta ndogo hazina kosa, kosa ni kutouliza

Jamani, tuongee ukweli. Hizi Raspberry Pi 4 tulizoletewa hapa Busasamana tunazipenda. Zinakula umeme kidogo, na bei yake iko chini kuliko laptopu. Tunachokataa ni kule kuambiwa eti kompyuta ni kompyuta, tumieni tu.

Kozi ya uhasibu ilipoanza, mwalimu alileta programu kwenye fleshi, toleo la Linux kabisa. Tukaibonyeza, ikagoma. Siku mbili nzima tulidhani sisi ndio wajinga! Kumbe ilitengenezwa kwa chipu za Intel na AMD, na hizi zetu ni ARM. Kuwa na Linux pande zote mbili hakusaidii kitu. Ni kama kumsomea bibi wa Masisi barua ya Kijerumani: kusikia anasikia.

Na mtu asituambie ARM ni ya maskini. Simu zenu mfukoni karibu zote ni ARM, na Apple wanaiweka kwenye kompyuta zao tangu 2020. LibreOffice inafanya kazi kwetu, Kolibri na Kiwix pia, kwa sababu msimbo wake uko wazi na kuna watu waliokaa wakazitengeneza upya kwa ARM. Programu iliyofungwa ni mwenyewe tu anayeweza kuitengeneza. Asipotaka, tutasoma hadi mvi, haitafunguka.

Kuna njia ya kuzunguka, Box64, inayotafsiri programu ya Intel huku ikiendelea kufanya kazi. Inapunguza kasi, lakini afadhali. Shida ni kwamba inataka mfumo wa biti 64. Mashine zetu zinauweza, na Raspberry Pi walishautoa rasmi mwaka 2022, ila kadi tulizopewa zina wa biti 32. Kubadilisha tumekatazwa, na paswedi ya msimamizi tumenyimwa. Ati tutaharibu.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kununua mashine ishirini nunueni moja. Mkae na mwalimu, mkae na sisi, tujaribu kila programu ambayo kozi inadai. Ikigoma, badilisheni programu au badilisheni mashine, pesa ikiwa bado mkononi. Na hiyo paswedi mtupatie wiki hii, maana wenzetu wanne wameshaacha kozi, na mtihani wa mwezi ujao utafanywa kwa programu ileile.