Ua la kwetu, bei yuro nne na nusu

Najua nimepotea humu ndani, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji eti nimezamia Ujerumani. Sijazamia. Ni kazi za darasani na hii baridi yao, ambayo mtu unaamka asubuhi unaikuta dirishani inakusubiri kama mwenye nyumba anayedai kodi. Semista ikiisha narudi Mlimani kumalizia digrii yangu ya ualimu kama kawaida, tena kuna mtu ana vitabu vyangu viwili na ninamkumbuka vizuri tu.

Leo sitaki kulalamika kuhusu chakula. Nina jambo limenikaa tangu Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa sina pa kwenda. Mwenzangu ninayekaa naye hosteli, jamaa mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake na changu vinagombana kila siku (yeye anasema "iko", mimi nasema "yupo"), akanishauri twende kwenye bustani ya mimea. Ni bustani ndogo, unaizunguka yote kwa nusu saa ukitembea polepole. Jina lake sitalitaja nisije nikaambiwa nafanya matangazo. Kuingia nje ni bure, ila kuingia kwenye nyumba ya vioo wanakofugia mimea ya joto unatoa hela kidogo.

Tukatoa. Jamani, ule mlango ukifunguliwa! Miwani ikafunga ukungu, nikasimama kama kipofu, lakini pua ikatangulia. Harufu ya udongo uliolowa, majani, joto. Kwa dakika mbili nilikuwa Muheza. Ukungu ulipotoka nikaona mgomba, mhogo, mkakao, mbuni, pamba, na mkonge mmoja kwenye chungu. Kila mmoja una kibao chenye jina la Kilatini, ukoo na nchi ulikotoka. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini: "Yaani nimelipa franga yangu kuangalia muhogo?" Mzungu mmoja alikuwa anaupiga picha mgomba kwa heshima zote, kama tunavyopiga picha Mlima Kilimanjaro.

Sasa tukatoka kupitia dukani. Hizi sehemu zimejengwa kwa akili, huwezi kutoka bila kupita dukani. Kiduka chenyewe cha zawadi ni kama kibanda cha kuuzia vocha kikubwa kidogo: kadi, mbegu kwenye bahasha, sabuni za maua, asali, vikombe, na kwenye meza karibu na dirisha vyungu vidogo vya maua ya kuweka ndani. Mengine yalikuwa na majani mviringo yenye manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga, na viua vya zambarau vyenye kitone cha njano katikati. Kibao kimeandikwa kwa kalamu: Usambaraveilchen, 4.50.

Nilisoma mara tatu. Nikamwita mwenzangu anisomee na yeye. Usambara.

Kwa wasiojua, Veilchen ni lile ua dogo la urujuani la kwao Ulaya. Kwa hiyo jina zima ni kama kusema urujuani wa Usambara. Nikamwuliza mama muuzaji, mtu mzima wa umri wa mama zangu wadogo, kwa Kijerumani changu cha kuombea maji: hili neno Usambara, unajua ni nini? Akanijibu bila wasiwasi: ni jina la ua. Nikamwambia hapana mama, ni milima. Iko Tanga, Tanzania. Mimi nimezaliwa chini yake. Akaweka chini kitambaa alichokuwa anapangusia, akaniangalia, akasema amekuwa na hilo ua dirishani kwake tangu kwa bibi yake na hakuwahi kufikiria kwamba Usambara ni mahali ambapo watu wanakaa.

Mngedhani hapo ndipo nitaanza kumshangaa. Lakini subirini. Na mimi akaniuliza: kwa hiyo kwenu yameota tu porini? Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikujua. Miaka ishirini na mbili naishi chini ya ile milima na nilikuwa silijui hilo ua. Yeye alijua ua hakujua mahali, mimi nilijua mahali sikujua ua.

Nililala saa nane usiku nikisoma habari zake, na ngoja niwape kwa kifupi. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona kwenye miamba, akapeleka Ujerumani kwa baba yake. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, na mwaka 1893 Wendland akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni ukoo wa huyo afisa, la pili maana yake ni lenye maua kama urujuani. Kampuni moja ya mbegu ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Miaka ya 1920 wafanyabiashara wa maua wa Los Angeles wakazichukua wakazalisha aina mpya kumi, na kuanzia hapo halikushikika tena. Wamarekani wana chama cha kulipenda tangu 1946. Leo aina zilizozalishwa na watu ni maelfu: meupe, mekundu, yenye pindo, ya rangi mbili.

Kituko kimoja. Huyo Saint Paul-Illaire ndiye pia aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa Wajerumani, kilichotoka 1890. Yaani mtu alikisoma Kiswahili mpaka akakiandikia kitabu, lakini ua alipolipata likaitwa kwa jina la kwao.

Tena angalieni majina yanavyokwenda. Wajerumani angalau walibaki na Usambara. Waingereza wakalifuta wakaandika Afrika nzima: African violet. Bara zima kwa ua ambalo porini linapatikana Tanzania na Kenya tu. Kwa Kenya liko Taita na kule karibu na Kilifi, ndugu zangu Wakenya msije mkasema nimewasahau. Na mwaka 2015 wataalamu wa mimea walikaa wakaamua kwamba Saintpaulia si jenasi inayojitegemea, wakaihamishia ndani ya Streptocarpus. Kwa hiyo hata mzee wa watu naye kapokonywa! Nilicheka peke yangu usiku ule.

Sasa maoni yangu, maana kuna mtu ataandika hapa chini kwamba Wazungu walituibia na yaishe. Mimi naona haiishi kirahisi hivyo. Mwaka uleule wa 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Katika hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba yote yale, mpaka Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Mkonge asili yake ni Meksiko. Mmeksiko akija kesho kwenye kiduka cha Tanga akaona kikapu cha mkonge kimeandikwa "asili ya Tanga", naye si atasimama pale mlangoni kama nilivyosimama mimi? Mhogo wetu ni wa Amerika. Mahindi ni ya Amerika. Mimea inatembea kuliko sisi tunavyotembea, na haina pasipoti.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaosema basi ngoma droo. Mkonge ulikuja na mashamba yaliyokuwa ya wengine, na waliokata majani yake ni babu zetu. Ua lilikwenda, na huko nako faida ikabaki hukohuko. Katika ile yuro nne na nusu hakuna hata senti moja inayorudi Muheza. Mkataba wa dunia kuhusu bioanuai, ule wa 1992, umesema kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake na faida igawanywe kwa haki. Ila mkataba haurudi nyuma kuhesabu ya 1892, kwa hiyo hilo tulisahau.

Kinachonikera zaidi ni upande wetu. Jumapili nilimpigia mama. Nikamweleza majani, manyoya, rangi. Akasema, "Mwanangu, si yale yanayoota kwenye majabali kule mtoni, kwenye kivuli? Hayo tulikuwa tunayakanyaga tukienda kuteka maji." Nikamwuliza mbona hukuwahi kunionyesha. Akanijibu: "Ungeniuliza lini? Ulikuwa unasoma."

Ulikuwa unasoma! Hapo mama alinipiga bila fimbo. Maana kweli nilikuwa nasoma. Nilichora ua la haibiskasi zaidi ya mara kumi. Nimekariri mzunguko wa maisha ya msonobari. Kidato cha tatu tulipelekwa Mapango ya Amboni, tukaonyeshwa popo na tukaambiwa hadithi za pango linalotokea Mombasa, na nyote mnaijua ile hadithi. Yule afisa aliandika kwamba mimea yake ya kwanza aliipata mwendo wa kama saa moja kutoka Tanga, kwenye nyufa za miamba ya chokaa. Mapango ya Amboni ni ya chokaa. Hakuna mwalimu aliyetwambia tuangalie pembeni.

Na simlaumu yule mwalimu, kwa sababu mwakani mwalimu ni mimi. Tunafundishwa kutumia zana za mazingira yetu, tunaandika hivyo kwenye andalio la somo, halafu tunakwenda fildi na chati ya kununua. Chukulieni mada ya kuzaliana bila mbegu. Kila mwaka ni kiazi mviringo na kipande cha muwa. Hili ua unakata jani moja zima na kikonyo chake, unalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, unalifunika na mfuko wa plastiki unaoonyesha, unaliweka penye mwanga lakini si kwenye jua kali. Wiki tatu nne lina mizizi, baadaye vinachipua vimche pale chini. Darasa la watoto arobaini linaweza kuona hatua zote kwenye makopo ya rangi, na hakuna aliyekwenda kung'oa kitu msituni.

Hilo la kung'oa nalisisitiza, kwa sababu porini hali yake si nzuri. Aina nyingine ziko sehemu ndogo kabisa, jabali moja au mawili. Yanataka kivuli. Ukikata miti ya juu, hata kama ua lenyewe hujaligusa, jua linaliua. Kwa hiyo iko hivi: ua ambalo liko kwenye madirisha ya nusu ya mabibi wa Ulaya linaweza kuisha kwao lilikotoka, na dunia isijue kuna kilichopungua, maana dukani lipo tele.

Ndiyo maana naona wazo la kiduka si la kudharau. Najua tukisikia duka la zawadi tunawaza vinyago vya Wamasai na fulana za "Hakuna Matata". Lakini msitu unaweza kuuza kitu kilicho hai na ukabaki msitu. Kule Gede, Kenya, tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewawezesha wanakijiji wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza mabuu yake nje. Amani nako walifanya hivyo miaka ya 2000, mpaka marufuku ya 2016 ya kusafirisha wanyama hai ikafunga mlango. Mche wa ua si mnyama. Kitalu kidogo, mama watatu wanne, mtalii anayekuja Amani ananunua jani lililootesha mizizi likiwa na kibao cha Kiswahili na Kisambaa. Hawezi kupanda nalo ndege bila cheti cha afya ya mimea, hilo najua, nimeshaulizia mwenyewe. Basi anunue aliache kwa mwenye gesti. Au anunue mwalimu. Au anunue yule mwanafunzi aliyekuja kuona popo.

Mtasema naota. Sawa. Lakini bustani ya mimea ya Amani ipo tangu 1902, haianzi leo, na wangapi humu mmefika? Mimi niliyezaliwa chini yake sijafika. Nimefika ya Ujerumani kwanza.

Nililinunua, ndiyo. Yuro nne na nusu, na msinihesabie kwa shilingi tafadhali, bumu la huku nalo lina mipaka yake. Liko dirishani hosteli. Siku ya pili nililimwagia maji ya baridi juu ya majani likafanya mabaka meupe, kumbe halitaki hivyo, linataka maji ya uvuguvugu na yapitie chini. Jamaa wa Bukavu analiita "ule Mtanga". Nikiondoka nitamwachia yeye.

Jana nimepita tena pale dukani, sikuwa na cha kununua. Kile kibao cha kalamu kimebadilishwa. Chini ya jina mama ameongeza neno Tanzania, kwa herufi ndogo, ameandika na "z" iliyopinda.

Haya, kuna presentesheni kesho na sijagusa kitu. Wadau mliopangiwa fildi Muheza, Korogwe au Lushoto mwaka huu, nitafuteni. Nataka picha ya ua hili likiwa kwenye jabali lake, na kama mnakaa na mzee wa pale, mwulizeni wanaliitaje. Mniandikie kama anavyolitamka.