Utaalamu wa Mitandao Hauji kwa Kukariri

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Miaka michache baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mitambo ya namna hiyo ilikwama, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Yafaa ikumbukwe kwamba kosa kubwa halikuwa la mitambo. Wananchi wenye ujuzi wa kuiendesha walikuwa wachache mno, na kazi ikategemea wataalamu wa kukodi.

Marufuku ile ilikwisha zamani. Leo mshahara wa mwalimu, malipo ya Serikali kwa wazabuni, na ada anayolipa mwananchi kwa kumbukumbu namba, vyote hupita katika mitandao ya kompyuta. Hata mtumishi anayeomba uhamisho huomba kwa mtandao. Kwa hiyo swali la mwaka 1974 limerudi kwa sura nyingine: ni nani anayeiendesha mitandao hii, na ujuzi wake ameupata kwa njia gani?

Njia moja inayotambulika duniani ya kuupima ujuzi huo ni mitihani ya vyeti inayotolewa na makampuni ya vifaa vya mitandao. Mmojawapo ulio mashuhuri kwa ugumu wake ni ule wa kampuni ya Cisco ya Marekani, ujulikanao kwa herufi CCIE, ulioanzishwa mwaka 1993. Mtahiniwa hujibu kwanza maswali kwa muda wa dakika 120. Akifaulu, hukabili mtihani wa vitendo wa saa 8: saa 3 za kuamua mtandao uundwe vipi, na saa 5 za kuujenga, kuuendesha na kuurekebisha. Akiisha kuipita sehemu ya kwanza, haruhusiwi kuirudia. Hata akishinda, cheti chake hudumu miaka 3 tu, kisha sharti athibitishe tena kwamba ujuzi wake haujachakaa.

Katika historia ya mtihani huo kuna jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Namba ya kwanza ya cheti, 1024, haikupewa mtu yeyote. Ilipewa maabara yenyewe, na wanadamu wakafuata nyuma yake. Walioanzisha mtihani walielewa kwamba mwalimu wa kwanza wa fundi ni kazi.

Pamoja na hayo, imezuka biashara ya kuuza maswali ya mitihani ya namna hii yaliyoibwa, pamoja na majibu yake. Mnunuzi hukariri herufi za majibu kwa majuma mawili, hufaulu mtihani wa maswali, hupachika cheti ukutani, kisha hudai cheo. Hawa wauzaji ni walanguzi kama walanguzi wengine, na mnunuzi ni mshiriki wao. Wapo wanaodhani kwamba anayeibiwa hapo ni kampuni ya kigeni tu. Sivyo. Anayeibiwa ni mwananchi atakayesimama dirishani siku ambayo mtandao umekatika na mwenye cheti hajui aanzie wapi.

Chukua mfano mmoja. Ruta mbili zinazotumia itifaki ya OSPF hutambuana kwa salamu, kama majirani wa kijiji kimoja. Katika mtandao wa kawaida wa ofisi, kila moja hutuma salamu kila baada ya sekunde 10; zikipita sekunde 40 bila salamu, huhesabu kwamba jirani yake hayupo tena. Mtu akibadili hesabu hiyo upande mmoja tu, ruta hizo hazitakubaliana, hata kama waya ni mzima na taa zote zinawaka. Aliyekariri ataulaumu waya, ataagiza kifaa kipya kwa fedha za umma, na mtandao utabaki umekatika. Aliyewahi kulifanya kosa hilo mwenyewe katika mazoezi, akahangaika nalo usiku mzima, atalitambua kwa dakika chache.

Maandalizi ya kweli, basi, ni kazi ya mikono. Huanza chini, kwa mtihani wa ngazi ya CCNA na hesabu za anwani. Anwani ya kawaida ya mtandao ina tarakimu 32 za sifuri na moja, na anayetenga 26 za mwanzo kwa ajili ya mtandao hubakiwa na nafasi 64, ambazo 62 kati yake ndizo za vifaa. Hesabu hiyo sharti itoke kichwani bila kusita. Kisha mwanafunzi hujenga mtandao mdogo, huuharibu kwa makusudi, huutengeneza, na kuandika daftarini alichokiona. Programu za mazoezi kama Packet Tracer na GNS3 hupatikana bila malipo. Watumishi watatu au wanne wakikutana baada ya saa za kazi, mmoja akatia hitilafu na wengine wakaitafuta, watajifunza zaidi ya yule aliyenunua maswali elfu.

Walimu hawatashangazwa na maneno haya. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikwisha kuionya nchi juu ya mitihani inayopima kumbukumbu tupu, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kilichosemwa wakati ule juu ya jembe kinasemeka leo juu ya ruta.

Wapo watakaouliza kwa nini Taifa lihangaikie cheti cha kampuni ya kibepari. Swali ni la haki. Lakini maarifa yenyewe si mali ya kampuni hiyo. Kanuni za OSPF, kwa mfano, zilitangazwa mwaka 1998 katika toleo linalotumika hadi leo, na kila mtu anaweza kuzisoma bure. Cheti ni kipimo tu. Ujuzi ukishaingia kichwani na mikononi mwa Mtanzania, ni wa Tanzania.

Ni kweli pia kwamba mzigo ni mzito kwa mtumishi peke yake. Mwaka 2020 ada ya mtihani wa vitendo ilikuwa dola 1,600 za Marekani, bila nauli, na vituo vya kudumu vya kuufanyia ni vichache duniani. Hapa ofisi za umma zina wajibu usiokwepeka. Swichi na ruta zilizostaafishwa, ambazo hukusanya vumbi ghalani, ziwekwe katika chumba cha mazoezi. Mtumishi anayejiandaa atengewe saa maalumu kila juma. Aliyekwisha kuonyesha uwezo alipiwe ada, naye afunge mkataba wa kuitumikia nchi kwa miaka kadhaa na kuwafundisha wenzake wawili. Na wanaoajiri au kupandisha vyeo wasitosheke na karatasi. Wamwekee mwombaji mtandao uliovurugika, wampe saa moja, wamtazame anavyofanya kazi.

Mwaka 1974 Taifa liliweza kuufunga mlango wakati wataalamu walipokosekana, na kazi ikarudishwa kwenye vitabu vya hesabu. Leo mlango huo haufungiki, kwa kuwa mishahara, hospitali na shule zimekwisha kuingia ndani. Kilichobaki ni kuwapata Watanzania wanaoijua kazi yenyewe, nao hawapatikani kwa mlanguzi.