UGANDA: TALAKA ISIYOPINGWA NA MIEZI YA KUNGOJA

Askari amefundishwa kwamba agizo lisilothibitishwa bado si amri. Kanuni hiyo, tuliyoizoea makambini na vituoni, inatusaidia kuelewa jambo linalowasumbua watu wengi katika nchi jirani ya Uganda: mume na mke wamekwisha kubaliana kuachana, hakuna anayepinga mahakamani, lakini miezi inapita na talaka haijakamilika.

Chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya Talaka ya Uganda, inayohusu ndoa za bomani na za Kikristo, ilitungwa mwaka 1904, enzi za ukoloni, kwa kufuata sheria ya Uingereza ya wakati huo. Msingi wake ni kosa: anayeomba talaka hana budi kuthibitisha uzinzi, ukatili au kutelekezwa. Machi 2004 Mahakama ya Katiba iliondoa ubaguzi uliomruhusu mume kudai talaka kwa uzinzi peke yake, huku mke akitakiwa kuongeza kosa jingine juu yake. Usawa ukapatikana, lakini msingi wa kosa ukabaki.

Hapa ndipo penye kioja. Sheria hiyo yaitaka mahakama ihakikishe kwamba wawili hao hawakula njama. Makubaliano, ambayo sisi tungeyaita busara, huweza kutiliwa shaka. Na shauri likionekana limepangwa, hutupwa. Kunyamaza kwa mdaiwa hakumwondolei mdai wajibu wa kuleta ushahidi.

Ushahidi ukikubalika, mahakama hutoa kwanza hukumu ya awali. Hukumu hiyo haivunji ndoa. Haiwezi kuwa ya mwisho kabla ya kupita miezi isiyopungua sita, na katika muda huo mtu yeyote aweza kufika kueleza kwamba mambo muhimu yalifichwa. Tena, miezi sita ikitimia, hukumu ya mwisho haiji yenyewe. Mdai hana budi kurudi mahakamani kuiomba. Akizembea, shauri lote laweza kufutwa.

Kwa raia, ucheleweshaji huo ni kero. Kwa askari ni hatari. Askari huhamishwa, hupelekwa katika operesheni, na aweza kufia kazini. Akifunga ndoa nyingine akiwa na hukumu ya awali tu, ametenda kosa la jinai. Akifariki, yule aliyekuwa akiachana naye angali mwenzi wake wa halali, na yule aliyekuwa akiishi naye hana cheti cha kuonyesha. Watoto ndio hubaki katikati ya ugomvi wa mirathi.

Uingereza yenyewe, iliyoiachia Uganda mfumo huo, imekwisha kuuacha. Tangu Aprili 2022 haidai tena kosa, na mume na mke waweza kuomba talaka kwa pamoja. Hata hivyo, bado wanangoja majuma 20, kisha sita mengine. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kuweka swali kuwa kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, baada ya Baraza la Usuluhishi kujaribu kuwapatanisha. Uganda ilijaribu kutunga sheria mpya, lakini mjadala wa mswada wake ulisimamishwa bungeni mwaka 2013.

Kwa maoni yetu, kungoja si kubaya kwenyewe. Kuna kungoja kwa kutafakari, kunakoilinda familia na hasira ya siku moja. Na kuna kungoja kwa uzembe, ambako huumiza matumbo bila faida. La kwanza ni kama lindo, la pili ni kama kusinzia lindoni. Bunge ndilo litakalorekebisha sheria. Lakini kuiweka kumbukumbuni tarehe ya hukumu ya awali, kutunza nakala yake na kurudi mahakamani siku inapowadia, hayo ni juu ya mwenye shauri mwenyewe.