Amplifaya ya Kuundwa Nyumbani: Tuchague Mchoro Upi?



Likizo ya shule inapofika, katika nyumba nyingi huzuka ombi moja: kijana, wa kike au wa kiume, ameona mchoro wa amplifaya, naye ataka fedha za kununulia vifaa aiunde mwenyewe. Mzazi hubaki baina ya mambo mawili. Apenda mwanawe ajifunze kazi ya mikono, lakini aogopa umeme, na aogopa fedha kwenda bure. Sisi twaona ombi hilo ni la kheri. Walakini kabla ya kutoa fedha, mzazi na mwana na wakae wajiulize pamoja: mchoro upi? Usalama wa mtoto na wa mfuko wa mzazi umo katika uchaguzi huo.

Amplifaya hupokea sauti iliyo dhaifu katika umbo la umeme, mfano ile itokayo kwenye simu au redio, ikaipa nguvu ya kuisukuma spika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vali za kioo, nazo zilihitaji mamia ya volti ndani ya sanduku. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Disemba 1947, ndiyo iliyowezesha amplifaya kufanya kazi kwa volti chache. Kwa anayeunda nyumbani, hiyo ni neema kubwa.

Jambo la kwanza la kupima ni haja. Vijana hupenda kutaja wati mia, ilhali chumba cha kusikilizia darsa, taarifa ya habari au kaswida hakihitaji hata kumi. Tukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hulitambua kwa shida. Spika ya kawaida hutoa sauti ya kutosha chumba kwa wati moja au mbili. Zaidi ya hapo, twaanza kuila haki ya jirani.

Jambo la pili ni aina ya saketi. Michoro ya transista hugawanywa kwa madaraja, na yatupasa tuyajue matatu.

Daraja A husifiwa kwa usafi wa sauti, na mchoro wake mashuhuri ni ule wa wati 10 aliouandika John Linsley Hood katika jarida la Wireless World la Uingereza mwaka 1969. Una transista nne tu, na kwa hiyo huwavutia wanaoanza. Lakini daraja hili hula umeme uleule iwe yasikika sauti au pamenyamaza. Mchoro huo, kwa spika ya omu 8, huvuta takriban wati 32 kwa kila upande, yaani wati 60 na zaidi kwa pande mbili, na sehemu kubwa hugeuka joto. Katika ubaridi wa Uingereza huenda mtu akashukuru; katika joto la pwani yetu, na bili ya umeme ikingoja mwisho wa mwezi, hatuushauri.

Daraja D ni kinyume chake. Transista zake huwaka na kuzimika mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, na aghalabu sehemu tisa kwa kumi za umeme huifikia spika. Ni saketi njema kwa nyumba itumiayo betri au umeme wa jua. Tatizo ni kwamba chipu zake nyingi zina miguu midogo mno kwa mkono wa mwanafunzi, na mpangilio mbaya wa nyaya huweza kuivuruga redio iliyo karibu. Ni afadhali kuinunua ikiwa imekwisha undwa. Lakini hapo mtoto hatakuwa amejifunza kuunda.

Baina ya hayo mawili lipo daraja AB, na hapo ndipo tunapomshauri anayeanza asimame. Laweza kuundwa kwa transista mojamoja, lakini itabidi kurekebisha mkondo wa utulivu kwa makini, na kosa dogo huunguza transista za gharama pamoja na spika. Chipu huondoa mashaka hayo, kwa kuwa kiwanda kimeyakusanya yote ndani ya kipande kimoja, na mara nyingi kimeweka na kinga ya joto.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni umeme utakaoilisha saketi. Kamba hukatikia pembamba, na hapa ndipo pembamba. Chipu maarufu TDA2030 hupenda umeme wa pande mbili, chanya na hasi, utokao kwenye transfoma. Kijana huchukua transfoma ya volti 12 kwa 12, akadhani amepata volti 12. Sivyo. Umeme ukisha kunyooshwa na kuchujwa hupanda hadi kiasi cha volti 16 au 17 kila upande, na transfoma isiyo na mzigo huzidi hapo. Kikomo cha chipu hiyo ni volti 18. Usiku umeme wa mtaa ukipanda kidogo, chipu huungua. Mwenye transfoma kama hiyo ni heri achague LM1875, ambayo huvumilia volti nyingi zaidi, ikampa takriban wati 10 kwa spika ya omu 8. Lakini bado katika sanduku hilo mna volti 240 za ukutani, na volti hizo hazimsamehe aliyesahau kufunika waya.

Kwa sababu hiyo, kwa amplifaya ya kwanza twapendekeza chipu TDA7297. Hutumia umeme wa upande mmoja, kuanzia volti 6.5 hadi 18, kwa hivyo adapta iliyofungwa ya volti 12 na ampea 3 yatosha, na volti 240 hubaki nje ya sanduku. Chipu moja hulisha spika mbili za omu 8, kiasi cha wati 6 kila moja. Vifaa vya kuizunguka ni vichache: kapasita za kuingizia sauti, kapasita mbili za umeme, rezista chache na kidhibiti cha sauti. Umeme wa nyumba ukikatika, betri ya volti 12 yashika nafasi, maadamu imewekewa fyuzi.

Yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, waya wowote wa spika usiguse bodi la sanduku wala waya hasi wa adapta, maana chipu hii husukuma spika kutoka ncha zote mbili. Pili, chipu ifungwe kwa skrubu kwenye bamba la alumini lenye mapezi; pande mbili zikifanya kazi hutoa kiasi cha wati 7 za joto. Tatu, ipo miguu miwili ya kuinyamazisha; isipopewa umeme kama karatasi ya kiwanda inavyoeleza, haitatoa sauti, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Nne, kabla ya kuunga spika, pimeni volti baina ya nyaya mbili za spika. Ziwe karibu na sufuri. Zikiwa volti kadhaa, zimeni, mkague tena.

Akina mama, lipo na letu. Waya wa kulehemu aghalabu una madini ya risasi. Kazi isifanyiwe jikoni wala kwenye meza ya chakula, dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wadogo na wajawazito wakae mbali na moshi. Chombo cha kulehemu hupita nyuzi 300. Kiwe na kishikio chake, kisilazwe kwenye mkeka.

Wala tusidhani kazi hii ni ya wavulana peke yao. Mkono uliozoea sindano na uzi wa kofia una subira ambayo kulehemu hutaka. Binti akishaimaliza hii ya volti 12, akaielewa na ikadumu miezi kadhaa, hapo na apande daraja ya transfoma akiwa na mtu mzima ajuaye umeme ubavuni mwake. Fedha ya mwanzo itakuwa ndogo, na akiunguza chipu moja, hasara yake haitamkatisha tamaa yeye wala mzazi wake.