Vijiko vya fedha si vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwatahadharishe wananchi wenzangu juu ya wanunuzi wanaopita majumbani wakitafuta vijiko, uma na masinia ya zamani.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge mkoani Tanga. Bwana huyo alipofungasha mizigo kurudi kwao Uingereza, alimwachia baba vijiko kumi na viwili na upawa mmoja. Hicho ndicho kilichokuwa kiinua mgongo chake. Mwaka jana, nikiwa safarini, mnunuzi mmoja alifika nyumbani akamwambia mdogo wangu kwamba hilo ni bati tu lililoingia weusi. Akavipima pamoja na sufuria mbovu, akalipa, akaondoka. Kilisalia kijiko kimoja tu, ambacho mama alikuwa akichotea sukari.

Nilikipeleka kwa sonara. Alikisafisha, akanipa kioo cha kukuzia, nikaona nyuma ya mpini chapa ndogo nne: herufi za mtengenezaji, nanga, simba anayetembea huku ameinua mguu wa mbele, na herufi moja peke yake. Simba maana yake ni fedha ya sterling, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Nanga ni alama ya mji wa Birmingham, ulioanza kupima fedha na kugonga chapa mwaka 1773. London hutumia kichwa cha chui. Herufi ya peke yake huonyesha mwaka. Lakini ukiona chapa ya EPNS, ujue fedha hiyo ni ya kupakwa juu tu.

Mwezi Januari 1980 bei ya fedha duniani ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na vyombo vingi vya kale huko Uingereza na Marekani vikayeyushwa. Kufika mwisho wa Machi bei ilikuwa imekwisha anguka, lakini vyombo havikurudi. Mwaka 2025 bei ilivuka tena dola 50. Basi sishangai kuona mizani milangoni mwetu.

Wako watakaosema kuwa vitu hivyo ni vya wakoloni, acha viyeyushwe. Mimi sikubaliani nao. Vijiko vile vilisuguliwa na baba yangu kila Jumamosi kwa miaka mingi. Hivyo ni jasho lake, na jasho la mtu haliuzwi kwa bei ya sufuria mbovu.

Nawashauri wenzangu hivi: kwanza, geuza kila chombo utazame chapa kabla ya kuuza. Pili, usikisugue kwa mchanga wala majivu, kwani chapa zikifutika thamani nayo hupungua. Tatu, waulize masonara wawili au watatu, na upimaji ufanyike mbele ya macho yako. Visu vipimwe mbali, maana ubapa wake aghalabu ni chuma na mpini hujazwa lami.

Naziomba pia mamlaka zinazohusika ziwatake wanunuzi hao wawe na leseni na watoe stakabadhi. Aidha makumbusho yetu yatufundishe kutambua vitu hivi. Mwenye mali asiyeijua mali yake ni sawa na asiye nayo.

Mtoto wa Mpishi,
Tanga.