Kifua anacho, lakini macho je?

Kama una kijana wa chuo nyumbani, bila shaka unajua jinsi simu ilivyoua mazungumzo ya sebuleni. Jumapili iliyopita nilimtembelea dada yangu huko Umoja, nikamkuta mwanawe, aliye mwaka wa pili chuoni, kaiinamia simu yake huku akishangilia peke yake. Alikuwa akitazama vipande vya mechi za vyuo vikuu vya Marekani, zile zinazochezwa Jumamosi mchana kwao, na kwetu Nairobi giza limekwisha kuingia. Si kandanda yetu hii. Ni ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili, wachezaji wamevaa kofia ngumu na kujaza mabega kama waendao vitani.

"Mjomba, mtazame huyu lainibeka!"

Nilitazama, nikaona rundo la watu chini. Lainibeka alikuwa mmoja wao, sikujua yupi.

Sasa, mpwa wangu huyu huchezea timu ya raga ya chuo chake, jezi nambari saba, na muhula uliopita aliachwa nje ya kikosi. Aliambiwa ni mwepesi mno, hana kifua. Kwa hiyo nilipomwuliza lainibeka hodari ni mtu wa namna gani, alinijibu kwa unyonge: "Ni jitu tu, Mjomba. Sisi wengine tungepeperushwa."

Hapo ndipo tulipokosana, na ndipo ilipotoka makala ya leo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huo, kila upande huwa na watu 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita tisa hivi. Wakifaulu wanapewa mengine manne. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Upande wa ulinzi, mbele wamesimama majitu ya kilo 130 na zaidi, kazi yao kusukumana na majitu wenzao. Nyuma kabisa wamo wakimbiaji wepesi wanaolinda pasi za mbali. Lainibeka yuko kati ya hao na hao, hatua nne au tano nyuma ya ukuta, na taabu yake ni kwamba hana kazi moja. Mpinzani akikimbia na mpira, lainibeka ajitose mbele azibe pengo. Mpira ukirushwa, arudi nyuma amfuate mdakaji aliye na mbio kumliko. Mbele au nyuma, na hana hata sekunde moja nzima ya kuchagua.

Wapinzani wanalijua hilo, nao humchezea shere. Kwotabeka, yule kiongozi wa mashambulizi, hunyoosha mkono kana kwamba anampa mwenzake mpira, kumbe ameubana kiunoni. Lainibeka anayefuata mpira kwa macho huingia mtegoni kama kuku aliyetupiwa mtama.

Ndiyo sababu makocha humkataza kuutazama mpira. Humfundisha kuyatazama majitu ya ukuta wa wapinzani, hasa wale wawili wanaosimama ubavuni mwa mtoa mpira. Jitu la kilo 140 haliwezi kuuficha mwili wake kwa urahisi. Likisukuma mbele kwa nguvu, mpira utakimbizwa. Likiinuka na kurudi nyuma, linamlinda mrushaji, pasi yaja. Likichomoka kwenda kando, lifuate, maana mwenye mpira yuko nyuma yake. Lainibeka wa kawaida huyaona hayo kisha akafikiri. Hodari huwa amekwisha kuondoka wakati mguu wa jitu ungali hewani.

Tena wapo wanaoanza kusoma kabla mpira haujatolewa. Jitu likiegemeza uzito wake wote kwenye vidole vya mkono chini, huenda linajiandaa kusukuma. Likikaa wima kidogo, huenda litarudi nyuma. Mambo madogo kama hayo hujifunza mtu kwenye chumba cha video, siku za juma, wakati wanafunzi wenzake wanakunywa chai. Na lainibeka wa katikati ndiye karani wa ulinzi: hupokea maagizo ya kocha na kuwapanga wenzake kwa sauti. Hadi 2023 maagizo hayo yalitoka kando ya uwanja kwa ishara za mikono na mabango. Tangu 2024, katika vyuo vya daraja la juu, mchezaji mmoja kila upande ameruhusiwa kuwa na kipaza sauti kidogo ndani ya kofia. Hata hivyo kinazimwa zikisalia sekunde 15 kwenye saa ya kutoa mpira, na baada ya hapo kila mtu na macho yake.

Nikamtajia mpwa wangu Luke Kuechly wa Boston College. Kwa misimu mitatu, 2009 hadi 2011, kijana huyu alishiriki kuwaangusha wapinzani mara 158, kisha 183, kisha 191. Jumla ni 532, wastani wa mara 14 hivi kila mechi. Mwaka 2011 alitwaa tuzo ya lainibeka bora wa vyuo, ile yenye jina la Dick Butkus, mchezaji wa Illinois wa miaka ya 1960 ambaye ukali wake, nafikiri, ndio uliowafanya wengi waamini kuwa kazi hii ni ya kifua peke yake.

"Lakini Kuechly ni mkubwa," mpwa akapinga. Kweli. Ana kimo cha mita 1.90 na uzito wa kilo 110 hivi. Tena mimi mwenyewe sipendi kuabudu hesabu hizi. Msimu ule wa 2011 timu yake ilishinda mechi nne na kupoteza nane, na ulinzi usioweza kutoka uwanjani hupata watu wengi wa kuangusha. Hesabu kubwa inaweza kuwa ushahidi wa timu mbovu.

Kwa hiyo nikamtolea Carlton Martial. Huyu ni mwana wa Mobile, Alabama, kimo chake mita 1.75, sawa na mpwa wangu au pungufu kidogo, uzito kilo 95. Hakuna chuo cha daraja la juu kilichompa ufadhili wa kucheza. Alikwenda Chuo Kikuu cha Troy akajiunga na timu bila skolashipu, kama mtu anayekwenda arusini bila kadi. Alipomaliza mwaka 2022 alikuwa ameshiriki kuwaangusha wapinzani mara 577. Rekodi ya 545, aliyoiweka Tim McGarigle wa Northwestern mwaka 2005, aliivunja mwezi wa Novemba dhidi ya timu ya chuo cha jeshi, Army, ambayo mchezo wake ni kukimbiza mpira kutwa nzima na kuficha nani anao. Mbele ya timu kama hiyo macho ndiyo silaha. Na hapa hakuna kisingizio cha timu mbovu, maana mwaka huo Troy walishinda mechi 12 kati ya 14 na kutwaa ubingwa wa ligi yao.

Nitakuwa mwongo nikikomea hapo. Timu za kulipwa zilipochagua wachezaji kutoka vyuoni mwaka 2023, jina la Martial halikuitwa. Mia mbili hamsini na kitu waliitwa, mwenye rekodi akabaki. Wasaka vipaji wana hoja yao: mfupi akirudi nyuma kulinda pasi, mpira hupita juu ya vidole vyake, na jitu likimfikia kifuani ni vigumu kujinasua. Mimi naona walikosea, lakini siwezi kusema walikuwa vipofu.

Upande wa pili wa mizani tunao Mkenya. Daniel Adongo alitoka katika raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 acheze nafasi hii hii ya lainibeka, bila kuwahi kuucheza mchezo huo popote. Kimo alikuwa nacho, mita 1.96, na mbio, na nguvu ambazo Martial hangezipata hata kwa kuomba. Alichokosa ni ile miaka minne ya chumba cha video. Aliingia uwanjani katika mechi chache tu, na mwaka 2015 akaachwa.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akakirudisha kile kipande cha awali, safari hii akitazama ukuta badala ya mpira. Jitu la kulia lilichomoka kando. Lainibeka, ambaye sasa niliweza kumtambua, alikuwa amepiga hatua mbili upande huo kabla mkimbiaji hajaupokea mpira. Aliingia chini ya mikono ya jitu, akapiga kwa bega, kichwa kando, mikono yote miwili ikafunga miguu. Tulikitazama mara nne.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Na hivyo vichwa vyao, kaka, vinapona?"

Swali hilo sikulitarajia, nami nikamweleza ninayoyajua. Tangu 2013, mchezaji wa chuo anayemlenga mwenzake kichwani hutolewa uwanjani. Kofia huzuia fuvu lisipasuke, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Yule Kuechly, baada ya Boston College, alichukuliwa na Carolina Panthers na kuwa mlinzi bora wa ligi nzima mwaka 2013. Alipata mitikisiko ya ubongo 2015, 2016 na 2017. Ile ya 2016 ilimtoa uwanjani juu ya kigari, akibubujikwa na machozi mbele ya kamera. Mwezi wa Januari 2020 aliacha mchezo kwa hiari yake, akiwa na umri wa miaka 28.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Akamgeukia mwanawe akamwuliza ni nani pale chuoni mwao anayewapima vichwa baada ya mechi.

Kijana alikuwa amekwisha kufungua kipande kingine.